Kompresa begani: nilivyosafiri na mashine ya oksijeni, Dar hadi Dubai

Mimi ni fundi friji, sasa mstaafu. Karakana yangu ilikuwa Tandika, miaka 38, na watu wa mtaa walikuwa wanasikia kikohozi changu kwanza, mimi mwenyewe nafuata nyuma. Moshi wa kuunganisha mabomba ya shaba, gesi za friji za zamani zikiungua kwenye moto, na juu yake sigara, ambazo simsingizii mtu, nilivuta mwenyewe. Leo mapafu yamechoka. Nyumbani nina mashine ya oksijeni ya kuweka chini, ile ya lita 5 kwa dakika, nzito kama mtungi wa gesi ya kupikia, na usiku kucha yenyewe inakula LUKU na mimi nakula hewa.

Binti yangu anaishi Sharjah, jirani na Dubai. Alijifungua mtoto wa kiume, wakampa jina langu, halafu akaanza: "Baba, utamwona kwenye simu mpaka lini?" Mtungi wa oksijeni huingii nao kwenye ndege hivi hivi, na mashirika mengi hayataki kabisa mtungi wa abiria. Kilichobaki ni mashine ndogo ya betri, ya kuning'iniza begani. Ninayo miezi 5 sasa, safari ya kwenda na kurudi ikiwemo, na wenzangu wa kliniki ya kifua niliwaahidi nitaandika nilichokiona. Jina la kampuni sitalitaja. Niliinunua imeshatumika, na si haki kumhukumu mtengenezaji kwa kitu kilichopita mikono ya watu.

Siku niliyoifikisha nyumbani nilishika bisibisi. Mke wangu akasimama mlangoni: "Ukiiharibu hiyo, utasafiri na pumzi ya nani?" Basi nikaishia kusoma kitabu chake na kuisikiliza kwa sikio, kama daktari. Ndani mna kompresa ndogo. Hewa hii ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Kompresa inaisukuma kwenye bomba lililojaa vipunje vya zeolaiti, vipunje vinaishika naitrojeni, oksijeni inapita. Bomba likishiba presha inaachiwa, naitrojeni inatemwa nje, zamu inahamia bomba la pili. Ndiyo ile "pshh" unayoisikia kila baada ya sekunde kadhaa. Nilicheka peke yangu. Mafundi wenzangu, hii ni draya! Vile vipunje vinavyonyonya maji ndani ya draya ya friji ni ukoo mmoja na hivi, na ugonjwa wao ni mmoja: unyevu. Draya ukiiacha wazi mezani imekufa. Na hii nayo ukiitia kabatini miezi mingi bila kuiwasha, kwa hali ya hewa ya pwani yetu, vipunje vinalewa maji na oksijeni inayotoka inashuka. Kwa hiyo anayenunua iliyotumika aende na fundi wa vifaa tiba mwenye kipimo cha kupima hewa inayotoka. Mashine nzima inatoa oksijeni ya asilimia kama 87 hadi 96. Yangu ilisoma 91. Nikalipa, milioni 3 na laki 4, na begi lake, na chaja ya ukutani, na chaja ya gari ile inayoingia kwenye tundu la kuwashia sigara. Mara ya kwanza tundu hilo kunisaidia kupumua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuzaji hakunieleza, na naamini wauzaji wengi hawalielezi, ama hawalijui. Mashine hizi ndogo zina namba: 1, 2, 3, mpaka 5 au 6. Mtu aliyezoea lita 2 nyumbani anabonyeza 2 na kujiona kamaliza. Siyo. Ngazi ya 2 si lita 2 kwa dakika. Mashine ya nyumbani inamwaga mfululizo, uvute usivute. Hii ndogo inasubiri uvute pumzi kwa pua, inausikia mvuto kwenye mrija, ndipo inapuliza "pu", kidogo, mwanzoni mwa pumzi, kisha inanyamaza. Nyingi za ukubwa huu, hata ukizikamua hadi mwisho, hazizidi lita 1 na kitu kwa dakika. Zipo zinazomwaga mfululizo na zikaruhusiwa kwenye ndege, kama Eclipse 5 ya CAIRE inayofika lita 3, lakini hiyo ina kilo 8 na ushee na inatembea kwa magurudumu, wakati Inogen One G5 ni kilo 2 na kidogo ila ni ya mpulizo tu. Chagua mzigo wako.

Daktari wangu hakubishana na kitabu. Alinivalisha oksimita kidoleni, kile kifaa kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, akaniambia nitembee korido ya kliniki na mashine begani, mwendo wangu wa kawaida, dakika 6. Ngazi ya 2: nilishuka hadi 87. Ngazi ya 3: 91. Akaandika 3 kwa ardhini, 4 kwa angani, akanikataza kupandisha zaidi kwa kuona raha tu, kwa sababu kwa mapafu ya aina yangu oksijeni ikizidi nayo inaleta shida, hewa chafu inabaki ndani. Hii ni dawa, ina dozi. Nasisitiza kwa sababu kuna mzee mwenzangu aliniomba nimwazime "ajaribu tu".

Kwa nini angani zaidi? Ndege inapaa mita 11,000 lakini ndani hewa imeshindiliwa, si kwa presha ya ufukweni. Imeruhusiwa kulegea mpaka iwe sawa na mtu aliye mlimani kwenye mita kama 2,400. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo uko chini kidogo ya kibanda cha Mandara. Asilimia ni ile ile 21, presha ndiyo imepungua, na mwilini inakuwa kana kwamba unavuta hewa yenye oksijeni asilimia 15. Kijana hajui kitu, anakula korosho zake. Mimi naanza kuhesabu hatua za kwenda chooni. Ndege aina ya Boeing 787 na Airbus A350 zina nafuu, ndani yake haipiti mita kama 1,800, basi kama unaweza kuchagua ndege, chagua kwa hilo kabla ya bei.

Betri ndizo zilizonipotezea usingizi. Sheria za Marekani zinaruhusu shirika likutake uwe na betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari, na mashirika mengi ya kwingine yanafuata hesabu hiyo hiyo. Dar hadi Dubai ni saa 5 na nusu hivi. Mara moja na nusu ni saa 8 na dakika 15. Kitabu cha mashine yangu kinajisifu: betri kubwa, saa 8. Ukisoma maandishi madogo, saa 8 hizo ni za ngazi ya 2. Mimi ni wa ngazi ya 4.

Nikapima mwenyewe. Jumamosi nzima nimekaa sebuleni na daftari, mashine ngazi ya 4, mrija puani, saa ya ukutani mbele yangu. Lazima uvae mrija, maana bila pumzi haipulizi na hesabu inakuwa ya uongo. Betri kubwa iliyokuja na mashine, ambayo muuzaji aliapa kwamba "bado mpya kabisa", ilizimika baada ya saa 3 na dakika 20. Ndogo ilikaa saa 1 na dakika 35. Jumla saa 4 na dakika 55. Haitoshi hata safari yenyewe, achilia mbali hiyo nusu ya juu. Nilimpigia muuzaji, simu ikaita mpaka ikachoka. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniokoa: kuna mama Kigamboni, mumewe alikuwa na mashine kama yangu, Mungu amrehemu, na vifaa viko ndani. Nilikwenda na mwanangu kwa pantoni. Yule mama alitoa betri kubwa kwenye kitambaa cheupe, akaniambia nenda nayo, ukirudi utaileta. Nikaipima pia, sikuona aibu. Saa 3 na dakika 55. Sasa nina saa 8 na dakika 50. Naruka.

Kuhusu karatasi sina mengi. Shirika lilinitumia fomu ya afya, ile inayoitwa MEDIF, daktari akaijaza: ugonjwa, kiwango cha oksijeni, aina ya mashine, ngazi gani kwa hatua gani. Kabla ya hapo nilipiga simu mara 3, na mara 2 za kwanza kijana wa upande wa pili alinijibu "hatutoi oksijeni, mzee" akakata. Sikuomba oksijeni, mwanangu, naja na yangu! Mara ya tatu nilisema "mashine ya kuchuja hewa, haina mtungi, haina gesi ndani" na mlango ukafunguka. Tumieni maneno hayo hayo. Jibu la ruhusa lilikuja siku 2 kabla ya safari, wakati mke wangu ameshafungua sanduku na kulifunga mara 4.

Kaunta palikuwa na kasheshe nyingine. Dada aliyepokea mizigo alitaka betri za akiba ziingie kwenye sanduku la chini. Hapo nilisimama, na mimi kusimama si jambo dogo. Betri za lithiamu za akiba haziendi chini, zinakaa na abiria, kila moja imefunikwa midomo yake isigusane na chuma. Nilikuwa nimezibandika selotepu na kuzitia kila moja mfuko wake, na nimezungushia kalamu namba ya Wh, yaani wati-saa, kiasi cha umeme betri inachobeba, kwenye kila betri: chini ya 100 haina maneno, kati ya 100 na 160 shirika liridhie na akiba isizidi 2. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaigeuza mashine tumbo juu kutafuta maandishi mekundu. Tangu 2016 Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, imeweka utaratibu kwamba mashine inayofaa ndani ya ndege ibandikwe maneno mekundu ya mtengenezaji kusema inatimiza masharti, na watu wa kaunta hata nje ya Marekani wanayatafuta hayo. Yangu mwenye nayo wa zamani aliisugua sijui na nini, nusu ya maneno imefutika. Nikatoa kitabu, ukurasa wenye maneno yenyewe, na barua ya ruhusa. Akasoma. Akanirudishia mashine kwa mikono miwili. Anayenunua iliyotumika aitazame lebo hiyo kabla ya kutazama rangi ya begi.

Ukaguzi wa usalama ulikwenda vizuri kuliko nilivyohofia. "Shikamoo mzee, hiyo ina gesi?" Marahaba, haina gesi mwanangu, ni pampu. Wakaifuta na kitambaa chao, wakapitisha betri kwenye eksirei, basi. Kijana wa kiti cha magurudumu alinisogeza hadi pembeni mwa soketi karibu na mlango wa kuondokea, nikachomeka chaja nikapumua kwa umeme wa ukutani mpaka tunaitwa. Betri zote 3 ziliingia ndegeni zimejaa. Hilo msilidharau: safari ya betri inaanza pale unapochomoa waya, na ukitumia betri kwenye foleni utazilipia angani. Soketi za kwenye viti vya ndege usizitegemee, shirika lenyewe linakuandikia hivyo. Na Dubai soketi ni za pini 3 za mraba kama za kwetu, hakuna haja ya kununua adapta.

Walinipa kiti cha dirishani, si kwenye safu ya mlango wa dharura, ili mrija na begi visimzibie mtu njia. Mashine inakaa chini ya kiti cha mbele. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kariakoo anayefuata mzigo Deira, mtaa wa maduka Dubai, mabegi matupu ndani ya mabegi matupu. Akanisalimia, akatazama chini, akasema, "Mzee, nikajua umebeba spika ya bluetooth." Nikamweleza. Akauliza bei. Nikamtajia. Akauliza Deira zinauzwa? Damu ya biashara hailali.

Wakati wa kupaa nilikuwa ngazi ya 3, oksimita inasoma 94. Kengele ya mikanda ilipolia ndege imetulia juu, nikatazama tena: 89. Sikuhisi kitu, na hilo ndilo baya lake. Kichwa kizito kidogo, kama mtu aliyeamka kabla ya wakati. Nikapandisha 4, nikasubiri dakika kama 5, ikapanda 92 ikakaa hapo. Kelele za mashine, ambazo nyumbani mke wangu anazilalamikia, ndani ya ndege hazipo kabisa, injini imezimeza. Unabaki na ule mpuliziko puani, pu, pu, pu, kama mtoto anayekupulizia kijivumbi.

Saa ya pili nikasinzia. Nikiwa usingizini nafungua mdomo, wote wanaonijua wanajua. Pumzi ya mdomoni mashine haiioni. Ikasubiri, haikusikia mvuto, ikaanza kulia pi-pi-pi. Mama wa Kariakoo akanigusa bega: "Mzee, spika yako inalia." Ilitokea mara 3. Ukweli ni kwamba kwa usingizi mashine ya aina hii si ya kutegemea, na safari ya usiku kucha nisingeifanya nayo bila daktari kusema neno. Mara ya nne ilipolia ilikuwa mlio mwingine, wa haraka, na oksimita iko sawa. Nikainama: blanketi la jirani limeteleza, limefunika tundu la kutolea joto. Jamani! Maisha yangu yote nimewaambia wateja wasisukume friji ukutani, kompresa inahitaji kupumua. Nikaondoa blanketi, ikapoa, ikanyamaza.

Chooni nilikwenda mara 1 tu, mashine begani, viti 11 kwenda. Kurudi oksimita ilisoma 84 na nikakaa bila kuongea mpaka irudi 90. Mngojee mkokoteni wa chakula upite kwanza, kusimama nyuma yake na mashine ni mateso.

Pua ilikauka. Hewa ya ndege kavu, oksijeni kavu, nikaanza kuona damu kidogo kwenye tishu. Jirani mwema akatoa kopo la mafuta ya mgando. Nikakataa kwa mikono yote. Aliyewahi kuchomea kwa mtungi wa oksijeni anajua: mafuta na oksijeni havikai pamoja, hata regulata yake huigusi na mkono wenye grisi. Safari ya kurudi nilikuja na jeli ya maji niliyoshauriwa duka la dawa Sharjah, na sikuona damu tena.

Betri: ile yangu iliyotumika niliitangulizia, ikakata saa 3 na dakika 10, pungufu ya nilivyopima. Nikabadili, inachukua chini ya dakika 1, unabonyeza kilimi na kuvuta. Tulipogusa ardhi Dubai ya yule mama ilikuwa bado na zaidi ya theluthi, na ndogo haikuguswa. Mjukuu alikuwa kabebwa kwenye mlango wa kutokea. Alipoukamata mrija wangu hakuuachia.

Nimepewa swali: inafaa? Kwa safari, ndiyo, na ningeinunua tena, ila ningelipia mpya au ningedai betri zipimwe mbele yangu kwa ngazi yangu, mpaka zizime. Kuibadilisha na ile kubwa ya nyumbani, hapana. Nikirudi kutoka sokoni naivua na kulala na dada yake wa lita 5. Kila Jumamosi naiwasha nusu saa hata kama sitoki, kwa ajili ya vipunje.

Wiki tuliyorudi nilipanda pantoni na boksi la tende. Yule mama wa Kigamboni alipokea betri, akaifunga kwenye kitambaa chake kile kile. Aliuliza jambo moja tu, ilikaa saa ngapi. Nikamwambia kwenda haikuisha, kurudi saa 3 na dakika 50. Akatikisa kichwa. "Kwake haikuwahi kufika hapo. Alikuwa anaongea sana."